Uzi: Taa za bei nafuu za kuoteshea miche ya mboga ndani ya nyumba, kwa wakaao Lamu na Malindi

Bustani ya Mkomani (mwenye uzi)

Asalaam aleikum ndugu zangu wakulima wa Pwani. Kila masika yanapokaribia watu huuliza ni taa gani wanunue ili waoteshe miche ya nyanya, pilipili hoho, biringani au sukuma wiki ndani ya nyumba, na mara nyingi majibu wanayopewa huishia kwenye picha ya taa ya zambarau yenye bei kubwa. Naomba nilieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu naamini kwamba mtu wa kipato cha kawaida anaweza kupata miche imara kwa mirija ya kawaida ya LED nyeupe, ile inayouzwa katika duka lolote la vifaa vya umeme, mradi ajifunze kupima mwanga unaofika kwenye jani.

Wenzetu wa bara watashangaa kwamba mtu aliye digrii 2 kusini mwa Ikweta, mahali ambapo jua hukaa angani karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, anazungumzia taa za kuoteshea miche. Aliyewahi kuishi katika nyumba ya mawe ya Lamu hatashangaa. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake umepimwa kwa urefu wa boriti za mikoko. Mwanga huingia kwa juu kupitia kiwanda, yaani ule ua wa ndani usioezekwa, ukapita kwenye msana, yaani chumba kirefu kinachofuata ua huo, na unapofika chumba cha ndani huwa umekwisha. Wazee walijenga hivyo kwa hekima, ili nyumba ipoe, lakini mche wa nyanya uliowekwa kwenye msana wa pili hunyong'onyea. Juu ya paa kuna jua tele, na huko pia kuna kunguru wanaong'oa miche, kuna paka, na upepo wa kusi uliobeba chumvi. Wengi wetu hatuna hata hilo paa, kwa kuwa tumepanga chumba kimoja katika nyumba ya watu wengi.

Jicho la binadamu halifai kuwa kipimo cha mwanga wa mimea. Mboni hupanuka gizani na kubana penye mwangaza, kwa hiyo chumba na uwanja huonekana kama vinakaribiana, ilhali tofauti yake ni ya mara mia kadhaa. Kwa kipimo cha laksi, yaani mwanga unaofika kwenye kila mita mraba, chumba kilichowashwa balbu usiku huwa na laksi 100 hadi 300 hivi. Kando ya dirisha lisilopigwa na jua unaweza kupata 1,000 au 2,000. Nje, siku ya wingu zito, hupatikana 10,000 na zaidi, na jua la adhuhuri la huku kwetu hupita 100,000. Mche wa mboga unaoangaziwa taa pekee huhitaji laksi 10,000 hadi 15,000 kwa muda wa saa 14 hadi 16 kila siku. Mtu akizitazama namba hizo ataelewa kwa nini balbu iliyoning'inia darini haisaidii kitu, hata kama chumba chote kinang'aa.

Laksi na lumeni (lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye taa, na laksi 1 ni lumeni 1 kwa mita mraba) ni vipimo vya jicho la mtu, nalo huona vizuri zaidi rangi ya kijani inayoelekea manjano. Mmea huhesabu chembe za mwanga zilizo kati ya nanomita 400 na 700, na wataalamu huzipima kwa maikromoli katika kila mita mraba kwa kila sekunde. Hata hivyo, kwa taa nyeupe za LED, ukigawanya laksi kwa 70 utapata makadirio ya maikromoli yanayotosha kabisa kwa kazi yetu. Laksi 14,000 ni maikromoli 200 hivi. Taa hiyo ikiwaka kwa saa 14, jumla ya siku ni karibu moli 10 (moli 1 ni maikromoli milioni moja) kwa mita mraba, kiasi ambacho miche mingi ya mboga hukua nacho vizuri. Jumla ikishuka chini ya moli 6, miche ya nyanya na hoho huanza kurefuka shina na kupauka.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa Pwani kuliko wakulima wa Limuru au Nyeri, na ni muhimu sana. Joto huharakisha urefukaji wa shina na huongeza chakula ambacho mmea hutumia kwa kupumua tu. Mche ulio katika mwanga hafifu mahali penye baridi hukua polepole na unaweza kuvumilia. Mche huohuo, katika mwanga uleule hafifu, ndani ya chumba cha Lamu wakati wa kaskazi, hurefuka kwa siku chache na kuanguka. Kwa hiyo sisi hatuwezi kuishi na kile kiwango cha chini kinachotajwa katika maelekezo ya nchi za baridi.

Sasa nije kwenye taa zenyewe. Balbu za zamani zenye waya unaowaka ziache kabisa: sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka joto, na ukizisogeza karibu na majani zinayaunguza. Balbu za msokoto za kuokoa umeme hufanya kazi, na mwenye nazo anaweza kuzitumia hadi ziishe, lakini zina zebaki ndani na mwanga wake kwa kila wati ni mdogo kuliko wa LED. LED nzuri ya kawaida hutoa lumeni 90 hadi 100 kwa wati moja. Soma kwenye pakiti: lumeni, wati, na rangi ya mwanga kwa kelvini. Mwanga mweupe wa mchana wa kelvini 6,500 ndio unaouzwa zaidi madukani kwetu, na ni bahati njema, kwa sababu una bluu ya kutosha, na bluu huzuia shina lisirefuke ovyo. Ule wa kelvini 4,000 pia unafaa. Wa kelvini 2,700, ule wa njano unaopendwa hotelini, utakupa miche iliyorefuka kidogo zaidi.

Watu huuliza kama taa nyeupe ina rangi nyekundu na bluu ambazo mmea unazihitaji. Inazo. Taa nyeupe ya LED kwa asili ni kipande kinachotoa mwanga wa bluu, kilichofunikwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa kijani, manjano na nyekundu. Uvumbuzi wa hiyo LED ya bluu ndio uliowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Klorofili hunyonya zaidi bluu na nyekundu, ni kweli, lakini jani hutumia pia sehemu kubwa ya kijani linachopokea, na kijani hicho hupenya hadi tabaka za chini za jani ambako nyekundu haifiki kwa wingi. Taa ya zambarau haifanyi muujiza wowote ambao taa nyeupe haiwezi kuufanya kwa mche, na chini ya mwanga wake ni vigumu kuona jani lililoanza kuugua.

Hesabu yangu kwa trei moja ni hii. Trei ya kawaida ya mashimo 128 ina urefu wa sentimita 54 na upana wa 28 hivi, yaani takriban mita mraba 0.15. Chukua mirija 3 ya LED ya futi 2, kila mmoja wa wati 9 na lumeni 900. Jumla ni lumeni 2,700. Tuseme theluthi mbili ndizo zinazofika kwenye majani na zilizobaki zinapotea pembeni: lumeni 1,800 ukigawanya kwa 0.15 unapata laksi 12,000. Kwa saa 16 hiyo ni karibu moli 10 kwa siku. Umeme ni wati 27 mara saa 16, yaani wati-saa 432 kwa siku, au yuniti 13 hivi kwa mwezi. Bei ya yuniti hubadilika kila mwezi pamoja na gharama ya mafuta na kiwango cha fedha za kigeni, kwa hiyo kila mtu aangalie risiti yake ya tokeni. Lakini tukikadiria shilingi 30 kwa yuniti, ni shilingi 390 kwa mwezi. Ukigawa kwa miche 128, kila mche umekugharimu takriban shilingi 3 za umeme. Mwenye trei mbili azipange kwa urefu na anunue mirija ya futi 4 ya wati 18. Hesabu kwa kila trei inabaki ileile.

Umbali ndio unaowashinda wengi. Mwanga wa balbu ya duara hupungua hadi robo kila umbali unapozidishwa mara mbili. Mirija ikipangwa sambamba hupunguza kwa upole zaidi, na ndiyo sababu naipendelea. Weka mirija sentimita 10 hadi 15 juu ya ncha za majani, uining'inize kwa kamba au minyororo myepesi ili uipandishe miche inapokua, na utumie mgongo wa mkono kupima joto: mkono ukivumilia bila kero, jani pia litavumilia. Kisha zungushia trei kitu cheupe. Hapa Lamu tuna utajiri ambao hatuuhesabu, kwa kuwa ukuta uliopakwa chokaa safi hurudisha mwanga vizuri sana. Egesha rafu kwenye ukuta huo na pande zilizobaki weka mbao zilizopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, na ile theluthi inayopotea itapungua.

Simu nyingi zina kihisi cha mwanga, na programu za kupima laksi zinapatikana bure. Vipimo vyake si sahihi sana, lakini vinatosha kulinganisha katikati ya trei na pembeni, au leo na baada ya kusogeza mirija. Anayetaka kununua kitu kimoja tu cha ziada, anunue taima ya kuchomeka ukutani kabla ya kufikiria taa ya pili.

Mkulima wa Ganda, Malindi

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nimesoma maelezo yako yote na nayaheshimu, lakini nina pingamizi. Sisi huku tuna ua, tuna jua la bure, na tuna neti ya kivuli inayouzwa kwa mita katika agroveti. Mimi hupandisha kitalu futi 3 kutoka ardhini ili mbuzi wasifike, nikafunika kwa neti ya kivuli, na juu ya neti naweka karatasi ya nailoni wakati wa masika ili matone mazito yasiing'oe miche. Miche ya sukuma wiki huwa tayari kwa wiki 4 bila tokeni hata moja. Nahofia kwamba vijana watakaosoma uzi huu watadhani kilimo cha kisasa ni lazima kiwe na taa, waingie gharama, kisha wakate tamaa.

Bustani ya Mkomani

Mzee wangu, pingamizi lako ni la haki na naliunga mkono bila kigugumizi. Mwenye ua, au mwenye paa analoweza kulizungushia waya wa kuzuia kunguru, asinunue taa. Neti inayokata nusu ya jua la adhuhuri bado inaacha laksi 50,000, ambazo ni mara nne ya kile ambacho mirija yangu 3 inatoa. Hata siku ya mvua, wingu zito la masika huacha laksi 10,000 au 20,000 nje, yaani sawa na taa zangu au zaidi, kwa hiyo mawingu peke yake si sababu ya kuwasha umeme.

Ninaowaandikia ni wale wa nyumba za mawe na vyumba vya kupanga, na pia wale wanaoweza kupata jua kwa saa chache tu. Kwa hawa wa mwisho kuna njia ya kati iliyo nafuu kuliko zote. Kiwanda kikipigwa na jua kwa muda wa saa 3 kila asubuhi, trei ikae hapo kwa saa hizo, kisha irudi ndani chini ya mirija kwa saa 7 au 8. Saa moja ya jua laini la asubuhi lenye laksi 40,000 ina mwanga zaidi ya saa 3 za mirija. Atakayefanya hivyo atapunguza matumizi ya umeme hadi nusu, na miche yake itakuwa imeshazoea jua kabla ya kupelekwa shambani.

Fundi Umeme wa Maweni

Naomba kuongeza upande wa umeme, kwa sababu maji na umeme katika rafu moja ni hatari isiyofaa kuchukuliwa kwa wepesi.

Ukitaka kuweka mrija wa LED kwenye fremu ya zamani ya mrija wa gesi, usiuingize tu na kuwasha. Fremu hizo zina choki na stata, yaani vifaa vya kuuwashia mrija wa gesi. Mirija mingi ya LED inayouzwa huku inataka choki iondolewe na nyaya ziende moja kwa moja kwenye ncha za mrija; mingine hupokea umeme upande mmoja tu, mingine pande zote mbili, na mchoro wake hubandikwa kwenye pakiti au kwenye mrija wenyewe. Ukikosea unaweza kupiga shoti. Asiyekuwa fundi anunue ile iliyounganishwa tayari na kasha lake, yenye waya na swichi. Mwanga ni uleule na usalama ni mkubwa zaidi.

Angalia pia volti. Umeme wetu ni wa volti 240, lakini hupanda na kushuka, na taa iliyoandikwa volti 85 hadi 265 huvumilia mabadiliko hayo kuliko ile iliyoandikwa 220 hadi 240 pekee. Hewa ya bahari hula miguu ya mirija na vituo vya soketi, kwa hiyo kabla ya kila msimu zima umeme, chomoa mrija, futa miguu yake kwa kitambaa kikavu, na ukiona kutu ya kijani badilisha soketi. Plagi na ekstensheni ziwe juu kuliko trei, na waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda tena kuelekea humo, ili tone la maji likifuata waya lidondoke chini lisiingie ndani. Mwagilia kutoka chini, kwa kuweka maji kwenye sinia iliyo chini ya trei, na taa ziwe zimezimwa. Nyumba ambayo haina swichi ya kukata umeme unapovuja, yaani ile inayojizima yenyewe, heri mwenyewe aiweke kwanza kabla ya kuanza bustani ya ndani.

Kuhusu taima, ile ya kuzungusha kwa mkono husimama umeme unapokatika na huchelewa kwa muda uleule uliokatika. Baada ya wiki yenye kukatika kwingi utakuta taa zinawaka usiku wa manane. Ya dijitali yenye kibetri chake hutunza saa.

Mama Miche, Shela

Ahsanteni sana, wanangu. Mimi nimeshanunua ile taa ya zambarau yenye shingo za kupinda na kichomeko cha USB. Kwenye pakiti imeandikwa wati 80. Miche yangu ya nyanya ina wiki mbili, imekuwa mirefu, imelala upande mmoja na majani ni ya njano. Je, taa ni mbovu au ni mbegu? Na miche hii niitupe?

Bustani ya Mkomani

Mama yangu, mbegu zako hazina kosa, kwa sababu mbegu mbovu isingeota. Chombo cha kawaida cha USB hutoa volti 5 na ampea 2, ambazo ni wati 10, kwa hiyo taa inayochomekwa hapo haiwezi kutumia wati 80, hata pakiti iandikwe nini. Wauzaji wa taa hizi hujumlisha uwezo wa juu wa kila kipande cha LED kilichomo, ilhali taa yenyewe hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo huo. Unaponunua taa yoyote, uliza wati inazovuta kutoka ukutani, na muuzaji asipoweza kukujibu, nenda duka jingine.

Taa uliyonayo usiitupe. Isogeze hadi sentimita 8 juu ya miche na iangazie eneo dogo tu, la vikombe 6 au 8, kisha ongeza mrija mmoja mweupe. Inapolala upande mmoja, miche inaonyesha mwanga unatoka wapi, kwa hiyo zungusha trei nusu duara kila siku hadi utakapoweza kuweka taa juu yake moja kwa moja.

Nyanya hizo zinaokoleka, kwa sababu shina la nyanya hutoa mizizi mahali popote linapofukiwa. Hamishia kila mche kwenye kikombe kirefu na ulifukie shina hadi karibu na majani yake ya kwanza. Hoho na biringani hazina uwezo huo kwa kiwango hicho, na sukuma wiki ikirefuka sana ni afadhali kusia upya. Kisha kila siku pitisha kiganja taratibu juu ya ncha za miche mara kadhaa, au washa feni kwa upole, kwa sababu mtikisiko hufanya shina liwe fupi na nene. Feni ina faida nyingine kubwa Shela na Lamu mjini: hupunguza unyevu juu ya udongo, na unyevu huo pamoja na mwanga hafifu ndio unaoleta kinyausi, ule ugonjwa unaokata mche kwenye shingo kwa usiku mmoja. Kama unatumia vumbi la makumbi ya nazi, lioshe kwanza kwa maji matamu, kwa kuwa makumbi yaliyolowekwa baharini hubaki na chumvi inayoleta njano hiyohiyo kwenye majani.

Kijana wa Kipungani

Mimi natumia sola. Nina paneli ya wati 100 na betri ya gari. Je, naweza kuendesha mirija 3 kwa saa 16?

Bustani ya Mkomani

Ndugu yangu, hapana, si kwa saa 16. Paneli ya wati 100, kwa jua la Pwani ambalo kwa siku ni sawa na muda wa saa 5 hivi za jua lenye nguvu kamili, na baada ya kupoteza kiasi kwenye nyaya na betri, itakupa wati-saa 375 au pungufu, na mirija 3 inahitaji 432 kabla hujachaji hata simu. Ukipitisha umeme kwenye inveta ili upate volti 240, utapoteza zaidi. Betri ya gari nayo imetengenezwa kwa kuwasha injini. Ukiimaliza hadi chini kila usiku itakufa mapema.

Zaidi ya hapo, paneli ya kawaida hugeuza takriban sehemu moja ya tano tu ya nguvu ya jua kuwa umeme, na taa inapogeuza umeme huo kuwa mwanga sehemu nyingine hupotea kama joto. Jua lililoanguka juu ya paneli yako lingetosha trei nyingi kama lingeangukia miche moja kwa moja. Kwa Kipungani, ambako uwanja upo, fuata ushauri wa mzee wetu wa Ganda. Tumia sola kwa utepe wa LED nyeupe wa volti 12, usiopita kwenye inveta, kwa saa 3 baada ya magharibi, na kwa miche iliyotoka kuota tu, ile ambayo bado unaogopa kuiacha nje usiku kwa sababu ya panya na konokono.

Mwalimu wa Langoni

Nina maswali mawili ya mwisho. Kuna aliyeniambia niache taa usiku na mchana ili miche ikue haraka. Je, ni sahihi? Na je, saa 16 zinafaa kwa mboga zote, vikiwemo vitunguu na saladi?

Bustani ya Mkomani

Mwalimu, usiache taa zikawaka saa 24. Nyanya hasa huumia: chini ya mwanga usiokatika majani yake huwa ya njano na yenye mabaka, na ukuaji husimama. Biringani nayo hudhurika vivyo hivyo. Ipe miche giza la saa 8 kwa uchache.

Nyanya, hoho, biringani, kabichi na sukuma wiki zipate saa 14 hadi 16. Vitunguu maji ni tofauti, kwa sababu urefu wa mchana ndio unaokiamuru kitunguu kuanza kufunga. Aina zinazopandwa kwetu zimechaguliwa kwa mchana wa saa 12 hivi. Ukizipa 16 zinaweza kuanza kutengeneza vitunguu vidogo zikiwa bado kitaluni. Zipe saa 11 au 12 na ufidie kwa kuongeza mrija. Saladi na spinachi nazo huharakishwa kutoa maua na mchana mrefu pamoja na joto, kwa hiyo zisipite saa 12 au 13. Mbegu ya saladi ina tatizo jingine: udongo ukipita nyuzi 28 au 30 za Selsiasi, mbegu nyingi hulala zisiote. Iatike kwenye chumba cha chini kilicho baridi zaidi, juu juu bila kuifukia, kwa kuwa mwanga huisaidia kuota. Nyanya na jamii yake haziuhitaji mwanga hadi zitokeze juu ya udongo, kwa hiyo usilipe umeme kwa siku hizo za mwanzo. Lakini washa taa siku ileile ya kwanza unapoona shingo za miche zimejitokeza, kwa maana siku mbili za giza baada ya hapo zinatosha kurefusha shina kiasi kisichorekebishika.

Hoho ianze wiki 6 hadi 8 kabla ya siku unayotaka kupandikiza, nyanya wiki 4 hadi 6, sukuma wiki wiki 4. Anayelenga mvua za Aprili aatike hoho mwanzoni mwa Februari.

Na miche ya ndani isitolewe nje kwa ghafla. Imelelewa kwenye maikromoli 170 au 200, na jua la adhuhuri ni karibu 2,000. Jani litaungua liwe jeupe kama karatasi ndani ya saa chache. Siku mbili za kwanza itoke saa kumi na mbili unusu asubuhi irudi saa mbili. Ongeza saa moja kila siku chini ya kivuli chepesi, mahali pasipo na kusi kali, na kufikia siku ya 7 hadi ya 10 itaweza kushinda nje mchana kutwa na kulala huko. Katika siku hizo punguza maji kidogo bila kuiacha inyauke. Pandikiza jioni, baada ya alasiri, na umwagilie papo hapo.